Ganzi na udhaifu wa viungo baada ya mionzi ya saratani: mwongozo kwa wagonjwa wa Unguja na Pemba

Ndara ya mguu wa kushoto ilibaki mlangoni, na mama akaendelea kwenda kisimani peku bila kujua. Siku hiyo ndiyo nilishtuka. Ulikuwa mwaka wa nne tangu amalize mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi Dar es Salaam, na sisi nyumbani habari ya mionzi tulikuwa tumeshaisahau. Alipolalamika kuwa miguu imekuwa mizito tulimwambia ni umri. Spitalini tuliambiwa baridi yabisi, tukapewa dawa ya kuchua. Mwaka mzima ulipita hivyo, mpaka daktari mmoja alipouliza: "Alipigwa mionzi wapi hasa, na kiasi gani?" Tukatazamana. Karatasi hatukuwa nayo.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya swali lile. Sisi wa visiwani tunapigwa mionzi upande mmoja wa bahari na kuumwa upande wa pili. Wagonjwa wengi wa Unguja na Pemba hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, wakimaliza hurudi makwao, na madhara ya neva huweza kujitokeza miezi au miaka baadaye mbele ya daktari ambaye hakuwahi kuwaona. Daktari huyo hawezi kukisia mionzi ilipita wapi. Wewe ndiye utakayemwambia.

Kwanza kabisa: dalili za kukimbilia spitali leo hii

Kabla hujasoma zaidi, angalia hizi. Mtu yeyote aliyewahi kuugua saratani akiwa na mojawapo, aende spitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku:

- maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, akikohoa au akijikamua chooni
- miguu inayolegea kwa saa au siku chache
- ganzi sehemu za siri, makalioni na mapajani kwa ndani, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli
- mkojo kukataa kutoka, au mkojo na choo kutoka vyenyewe

Hizi zinaweza kuwa dalili za uvimbe unaobana ugwemgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo. Ukibanwa kwa muda mrefu, miguu hairudi. Aliyefika spitali akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea kuliko aliyebebwa. Kwa hiyo usikae kusubiri boti ya kesho wala ya keshokutwa. Ukiwa Micheweni, Wete, Chake au Mkoani, ingia spitali iliyo karibu nawe, sema neno "saratani" mlangoni, na rufaa ipangwe kutokea hapo. Anaweza kuanzishiwa dawa ya kupunguza kufura wakati safari inatayarishwa. Mgonjwa abebwe amelala sawasawa. Asikunjwe kwenye kiti cha bodaboda.

Uvimbe unaobana na madhara ya mionzi vinaweza kufanana sana mwanzoni, na nyumbani hakuna anayeweza kuvitofautisha.

Hatua ya 1: Fahamu mionzi inafanyaje neva

Ndani ya pingili za uti wa mgongo mna kamba laini, ugwemgongo, inayochukua habari kati ya ubongo na mwili. Humo hutoka neva zinazokwenda mikononi, miguuni, kwenye kibofu na utumbo. Mionzi inayoua seli za saratani hupita pia kwenye nyama nzima iliyo jirani. Huharibu ule utando wa mafuta unaofunika neva, na huziba polepole mishipa midogo ya damu inayozilisha. Kwenye shingo, kwapa au nyonga, nyama hukakamaa kama kovu na kuzibana neva zilizomo. Kazi hii huenda taratibu, ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka mizima salama kisha ganzi ikaanza.

Wakati ambapo dalili zilianza unasema mengi. Kati ya mwezi wa 2 na wa 6 baada ya mionzi ya shingo au kifua, wapo wanaohisi kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni hadi miguuni kila wakiinamisha kichwa. Mtu hupigwa nayo akifunga kamba za viatu au akiinama kwenye rukuu. Hii kwa kawaida huisha yenyewe baada ya miezi kadhaa. Hata hivyo mwambie daktari, kwani shoti kama hiyo huweza kuletwa na uvimbe, na upungufu wa vitamini B12, na dawa ya sisplatini ambayo wengi hupewa pamoja na mionzi.

Madhara mazito ya ugwemgongo huja baadaye, aghalabu kuanzia miezi 6 hadi miaka 3. Huanza kwa ganzi au kupotea kwa hisia ya moto na baridi, mara nyingi mguu mmoja, kisha udhaifu, kisha kibofu. Ni nadra. Kipimo cha mionzi huitwa grei, na huandikwa Gy. Ugwemgongo ukipokea jumla ya 50 Gy kwa mafungu ya kawaida ya 2 Gy kwa siku, watu wanaokadiriwa kudhurika ni kama 2 katika kila 1,000. Ikifika 60 Gy ni kama 6 katika kila 100. Ndiyo sababu wapangaji wa mionzi huuchunga ugwe usizidi 45 hadi 50 Gy. Hatari hupanda fungu la siku moja likiwa kubwa, au sehemu ile ile ikipigwa mionzi mara ya pili.

Neva zilizo nje ya ugwe zinaweza kuchelewa zaidi. Aliyetibiwa titi na kwapa huweza kuanza kupata ganzi ya vidole na mkono dhaifu baada ya mwaka 1 au hata 10. Aliyetibiwa nyonga, kama mama, hupata miguu mizito, mara nyingi yote miwili, pengine bila maumivu makubwa. Mimi nilidhani ugwemgongo wa mama umeungua, mpaka nikafafanuliwa kuwa ugwe huishia kiunoni juu, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni neva tupu, na hizo ndizo zilizodhurika. Aliyetibiwa koo, pua au shingo aangalie pia ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, kusikia kupungua na kichwa kushindwa kusimama wima.

Nawe unayesubiri kuanza mionzi, tafadhali usiahirishe matibabu kwa kuyasoma haya. Saratani iliyoachwa huharibu neva vibaya kuliko mionzi. Muulize tu daktari: mionzi itapita karibu na neva gani, na ugwe wangu utapokea kiasi gani?

Hatua ya 2: Tafuta karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Unatafuta muhtasari wa matibabu, na ndani yake muwe na haya: sehemu ya mwili iliyopigwa, jumla ya grei, idadi ya mafungu, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kama kulikuwa na mionzi ya ndani (inayowekwa ndani ya mwili), kama sehemu hiyo iliwahi kupigwa mionzi kabla, na dawa za kemo (dawa za kuua saratani) alizopewa na mara ngapi.

Ukiwa bado uko kwenye matibabu, iombe siku ya mwisho kabla hujaenda bandarini. Ukiwa umesharudi, piga simu au mtume mtu na namba ya faili. Sisi tulimtuma mjomba aliyekuwa akienda Dar kwa shughuli zake, tukampa kadi ya zamani ya mama na barua aliyoitia dole, na karatasi ikapatikana. Ikifika, ipige picha na uitume kwenye simu za watoto wawili au watatu. Karatasi za visiwani huliwa na unyevu na mchwa, za mama tulizikuta zimegandana.

Faili likiwa halionekani, andika unachokumbuka: mwaka, wiki ngapi alikwenda kila siku, alilala chali au kifudifudi, ngozi iligeuka nyeusi wapi. Wengine wana vidoti vidogo vya wino vilivyobaki kwenye ngozi. Mwoneshe daktari, vinaonesha mpaka wa eneo lililopigwa.

Hatua ya 3: Pima nyumbani kila Ijumaa

Tulichagua Ijumaa kwa sababu watu wote huwa nyumbani baada ya sala. Daftari la skuli linatosha. Usiandike "anaendelea vizuri" au "hali mbaya", kwani daktari hawezi kuyafanyia kazi. Andika kitu kinachopimika.

Mgonjwa akiwa amekaa, mguse kwa pamba kuanzia kidole gumba cha mguu kupanda juu, naye amefumba macho. Aseme anapoanza kuhisi. Andika: "mguu wa kulia, anahisi kuanzia juu ya kifundo." Kisha gusa kwa kijiko kilichotoka kwenye maji baridi na kingine cha uvuguvugu, aseme kipi ni kipi. Shika kidole gumba cha mguu pembeni, kipandishe au kishushe, umuulize kimekwenda wapi. Mama alikuwa akikosea kila mara kwa mguu wa kushoto, na hapo tukaelewa kwa nini huyumba gizani. Macho yalikuwa yakimfanyia kazi ya miguu.

Halafu nguvu. Anaweza kutembea hatua tano kwa visigino? Kwa ncha za vidole? Anainuka kwenye kiti bila kushika? Kama tatizo ni mkono, anafunga vifungo vya kanzu? Sisi tuna kipimo chetu cha Pemba: mpe karafuu mbichi achambue amefumba macho. Mwenye vidole vizima hulitenga konyo bila kutazama. Sikiliza pia ndara zinavyoburuta na utazame soli. Ikilika mbele upande mmoja, mguu ule haunyanyuki vizuri.

Kuhusu mkojo, uliza bila kuona haya: unahisi umejaa? Unatoka wote? Unadondoka kidogo kidogo mchana kutwa? Kudondoka kidogo kidogo huweza kumaanisha kibofu kimefurika na hakitoi.

Hatua ya 4: Nenda spitali na uombe visababu vingine vitazamwe

Peleka karatasi na daftari. Madhara ya mionzi hukubaliwa baada ya visababu vingine kuondolewa, na hapa kwetu ni vingi. Kinachotafutwa kwanza ni saratani kurudi. Saratani inayoingia kwenye neva mara nyingi hutanguliwa na maumivu makali, ilhali mionzi mara nyingi hutanguliwa na ganzi na udhaifu wa polepole. Mara nyingi si mara zote, hivyo usikubali kuambiwa kwa macho tu. Picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ikibidi na dawa ya kung'arisha, ndiyo inayoonesha ugwe na neva vizuri. Uliza spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, utaratibu wa kuipata au wa kupewa rufaa.

Kisha sukari, maana kisukari hula neva za miguu. Vitamini B12. Virusi vya UKIMWI. Kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Kemo yenyewe: sisplatini, paklitakseli na vinkristini huacha ganzi ya vidole vya mikono na miguu, kwa kawaida pande zote mbili sawasawa. Na kichocho. Unguja na Pemba kichocho cha mkojo tumeishi nacho miaka mingi, na ingawa ni nadra, mayai yake huweza kufika kwenye ugwemgongo. Mgonjwa aliyekulia karibu na vijito na mabwawa aliseme hilo, kwani kina dawa.

Kipo pia kipimo cha umeme wa neva na misuli. Katika madhara ya mionzi, misuli huweza kuonesha mitetemo ya aina yake ambayo humsaidia daktari kuamua.

Hatua ya 5: Jua dawa zinafanya nini na hazifanyi nini

Neva iliyokufa hairudishwi na dawa yoyote iliyopo. Nilipoambiwa hivi nililia. Baadaye nilishukuru, maana tuliacha kumwaga fedha kwenye mafuta na vidonge vya kila anayeahidi.

Deksamethasoni hupunguza kufura na huweza kusaidia kwa muda, lakini hupandisha sukari na hudhoofisha mifupa, na ukiitumia kwa wiki kadhaa usiiache ghafla. Pentoksifilini pamoja na vitamini E hutolewa na baadhi ya madaktari, ushahidi wake ni mdogo. Tiba ya oksijeni ya chemba (kuvuta oksijeni ndani ya chumba chenye mgandamizo) ilijaribiwa kwa wenye neva za mkono zilizodhuriwa na haikuonesha faida. Kwa maumivu ya kuchoma na kuwaka, panado hazifui dafu. Dawa zenyewe ni amitriptilini usiku kwa dozi ndogo, gabapentini au pregabalini. Hulevya mwanzoni, basi mtu asiamke peke yake kwenda chooni. Amitriptilini huweza pia kuzuia mkojo, kwa hiyo mwenye kibofu kizito amwambie daktari kabla.

Mazoezi ndiyo tiba ya kila siku. Mwombe mtaalamu wa mazoezi-tiba akufundishe kunyoosha kifundo na goti ili vikano visikakamae, na akupe kifaa cha kushikilia mguu unaoning'inia. Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima. Mkono uliodhurika usibebe ndoo wala kuvutwa kwa nguvu.

Hatua ya 6: Uilinde ngozi isiyohisi

Hapa ndipo tulipomwumiza mama kwa mapenzi yetu. Dada yangu alichemsha maji na majani ya mchaichai, akayamimina kwenye beseni, akamwambia mama aingize miguu apate nafuu. Mama alikaa pale akizungumza, anacheka hata. Alipoitoa, ngozi ya unyayo ilikuwa nyeupe, imejikunja kama ya mtu aliyefua kutwa nzima, na jioni ikavuka vipande vipande. Hakuwa amesikia chochote. Kidonda kile kilichukua miezi mitatu.

Kwa hiyo: asikandwe kwa maji moto sehemu yenye ganzi. Maji ya kuoga yapimwe na mtu mwingine, kwa kiwiko. Asikae karibu na jiko la mkaa. Asipigwe chuku wala kuchanjwa kwenye ngozi iliyopigwa mionzi au isiyohisi, kwani hupona kwa shida na huingia usaha. Msinga wa nguvu shingoni na kwapani nao aache, kupaka mafuta kwa upole hakuna ubaya.

Miguu itazamwe kila usiku, nyayo na katikati ya vidole, kwa taa. Viatu vya kufunga nyuma, hata ndani ya nyumba, na vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Wanaolima mwani Paje, Jambiani au Makangale wasiingie maji peku. Viatu vya mpira vyenye soli ngumu, pamoja na wenzao, na watoke mapema kabla maji hayajaanza kujaa, kwa sababu mguu mzito haukimbii. Kupanda mkarafuu ndiyo basi. Kuchambua ukiwa umekaa ni kazi halali na yenye heshima.

Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, na visigino na kitako vitazamwe kila siku. Wekundu usiofifia ukibonyezwa ndio mwanzo wa kidonda. Akikaa kwenye kiti, ajiinue kidogo kila baada ya nusu saa.

Hatua ya 7: Choo, mkojo na sala

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani. Tulimpelekea seremala kiti cha mbao, akatoboa tundu na kuweka mikono miwili, kikawekwa juu ya choo. Mkeka unaokunjika pembe uondolewe njiani, na taa ya ukumbini isizimwe usiku.

Kibofu kisichotoa mkojo husaidiwa kwa mpira safi mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo mara kadhaa kwa siku na kutolewa. Wauguzi hufundisha, na mwanamke ana haki ya kuomba afundishwe na mwanamke mwenzake. Homa, mkojo wenye harufu kali au maumivu ya ubavuni: spitali. Choo kikubwa kipangiwe saa moja, baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo unaamka wenyewe.

Mama alikuwa ameanza kuacha kwenda kwenye hitima na maulidi kwa hofu ya mkojo, na sala zikawa zinamtia huzuni. Tulimwita shekhe wa mtaa akamweleza kuwa mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, hujifunga, hutia udhu wakati wa kila sala ya faradhi ukishaingia, kisha husali hata kama kinatoka kitu. Asiyeweza kusujudu husali kitini. Mazungumzo yale yalimponya sehemu ambayo vidonge havifiki. Wenye dawa za kunywa mara tatu wazungumze na daktari mapema kabla ya Ramadhani.

Mkoba

Weka mkoba mmoja unaoning'inia nyuma ya mlango: karatasi ya mionzi na nakala yake, daftari la Ijumaa, orodha ya dawa na dozi, kitambulisho, namba ya faili, kanga mbili, vitambaa vya kujifunga na nauli ya boti. Juu ya daftari, andika kwa wino mzito sentensi ya kusomwa na yeyote atakayempokea usiku. Ya mama inasema: "Nilipigwa mionzi ya nyonga. Miguu yangu haihisi moto. Nikishindwa kukojoa au miguu ikilegea ghafla, nipigwe picha ya mgongo haraka."